Mchumi wa halmashauri anaweza kufika Hazina?

"Shikamoo mzee. Nina shahada ya uchumi na huu ni mwaka wangu wa tatu nikiwa Mchumi Daraja la II kwenye halmashauri moja ya Kanda ya Ziwa. Natamani siku moja niwe Mlipaji Mkuu wa Serikali, au hata Gavana wa Benki Kuu. Wenzangu ofisini wananicheka, wanasema bila kujuana na mkubwa nitastaafu nikihesabu madawati. Ni kweli? Halafu, huyo Mlipaji Mkuu ndiye anayesaini kila shilingi inayotoka serikalini? Na je, nianze mapema kutafuta uhamisho wa Dodoma?"

Marahaba, mwanangu. Umeuliza matatu, nami nitaanza na la kati, kwa sababu ukilielewa hilo mengine mawili yanakuwa mepesi.

Hasaini kila shilingi. Bajeti ya mwaka 2025/26 ilikuwa trilioni 56.49. Hata tungempa saini moja tu kwa kila milioni moja, angetakiwa kusaini zaidi ya mara 150,000 kwa siku, Jumapili na Idi zikiwemo. Ana kofia mbili kichwani: ni Katibu Mkuu wa Wizara ya Fedha, ile tunayoiita Hazina, na ni Mlipaji Mkuu wa Serikali. Kwa kofia hiyo ya pili huteua Maafisa Masuuli, mmoja kwa kila fungu la bajeti, nao ndio wanaobeba dhamana ya matumizi ya mafungu yao. Mkoa wa Mwanza ni Fungu 81, na dhamana yake iko kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Kwako hapo ni Mkurugenzi. Kwa hiyo saini unayoiona kila siku kwenye hati za malipo ni mtoto wa saini ya Dodoma.

Fuata shilingi yenyewe uone. Mwenye duka Kariakoo analipa kodi kwa kumbukumbu namba, fedha inaingia kwenye akaunti iliyoko Benki Kuu, na hapo inakuwa sehemu ya Mfuko Mkuu wa Hazina ya Serikali, ule wa ibara ya 135 ya Katiba. Kutoka humo haitoki kwa amri ya mtu, awe Waziri au nani. Ibara ya 136 inataka iwe imeidhinishwa kisheria, na ibara ya 143 inampa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu (CAG) kazi ya kuhakikisha hivyo kabla haijatoka. Watu wengi wanamjua CAG wa ripoti ya Machi tu. Lile neno "Mdhibiti" kwenye cheo chake ndilo hili: anasimama mlangoni kabla ya malipo, halafu anarudi kukagua baada ya malipo. Akisharidhika, fedha inashuka kwenye fungu, inaingia kwenye MUSE, mfumo wa malipo ya Serikali, na Mkurugenzi wako anaiona kwenye skrini.

Sasa kama sheria imeamua nini kitumike, CAG amekaa mlangoni, na Maafisa Masuuli ndio wanaolipa, Mlipaji Mkuu anabaki na nini? Anabaki na kazi moja ambayo hakuna anayeitamani: kuamua nani asubiri. Bunge likipitisha bajeti mwezi Juni halijaweka fedha popote, limetoa ruhusa tu. Fedha inaingia kwa matone, mwezi mzuri, mwezi mbaya. Fungu 22, Deni la Taifa, halisubiri. Mishahara haisubiri. Kinachobaki baada ya hao wawili kula ndicho wanachogombania wakandarasi, wazabuni wa chakula cha mabweni, miradi ya maji, na hii tunayoiita OC, matumizi mengineyo ya ofisi, ambayo bila hiyo gari la ofisi halina mafuta. Kazi ya Hazina, ukivua majina makubwa yote, ni kugawa upungufu.

Haikuwa hivi siku zote. Kuna miaka wizara zilitumia kwanza, hesabu zikafuata. Mwishoni mwa 1994 wafadhili walisimamisha misaada, wakilalamikia misamaha ya kodi na makusanyo mabovu, na Serikali iliyoingia mwaka uliofuata ikakuta hazina kavu. Mwaka 1996 TRA, Mamlaka ya Mapato, ikaanza kazi tarehe 1 Julai, na ikaja bajeti ya fedha taslimu: hupewi zaidi ya kilichokwisha kukusanywa. Wizara zililia, na miradi mingi ikalala, sitaki kukuficha. Lakini nidhamu hiyo ndiyo iliyotusogeza hadi kwenye msamaha wa madeni wa Novemba 2001, na mazoea ya mgao wa kila mwezi unayoyalaani ukiwa huko halmashauri yalizaliwa hapo.

Sasa turudi kwako. Wewe unayehesabu madawati unadhani unafanya kazi gani? Vijiji vimeleta mipango yao, kila kimoja kinataka zahanati. Ukomo wa bajeti umekuja, unatosha zahanati moja na choo. Asilimia kumi ya mapato ya ndani ina wenyewe, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, na kila kundi linaona limepunjwa. Diwani anakusubiri kwenye Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango na swali lake mkononi. Mwanangu, hiyo ni Hazina kamili, sifuri ndizo chache. Tofauti nyingine ni kwamba huko Dodoma ukikosea husikii kilio kwa masikio yako, hapo ulipo unakutana na mwenyekiti wa kijiji sokoni.

Kinachomtofautisha atakayepanda na atakayebaki, kwa nilivyoona mimi, ni dokezo. Sisemi shahada ya pili, ingawa utaihitaji. Sisemi CPA, ile sifa ya uhasibu, ingawa mchumi anayeweza kusoma hesabu za mwisho wa mwaka bila kumwita mhasibu ana thamani ya watu wawili. Nasema ile karatasi moja ndani ya jalada inayomwambia mkubwa wako nini kimetokea, kuna shilingi ngapi, na wewe unapendekeza afanye nini.

Nikupe mfano, na ofisi sitaitaja. Nilikuwa na miaka miwili kazini. Taasisi moja iliomba nyongeza ya milioni 900 kulipa deni la mzabuni wa chakula. Nikaandika kurasa tano: historia ya taasisi, hali ya uchumi wa dunia, hadi bei ya mafuta ghafi nikaiweka. Nilijiona nimemaliza kazi. Mkubwa wangu alikuwa mama mmoja mpole, hapandishi sauti. Akapokea jalada, akaruka kurasa nne zote, akasoma aya ya mwisho, iliyosema "Nawasilisha kwa maelekezo yako." Akachukua penseli, akaandika pembeni maneno mawili: "Kwa hiyo?" Akanirudishia.

Nilikwenda kwenye ile taasisi, nikaomba ankara moja moja. Siku mbili nimekaa stoo na mtunza stoo mmoja na daftari lake la mapokezi. Tukakuta ankara za miezi miwili zimehesabiwa mara mbili. Dokezo la tatu (la pili nalo lilirudi) lilikuwa nusu ukurasa: deni lililohakikiwa ni milioni 612, kuna bakaa ya milioni 400 kwenye kasma (kifungu cha matumizi) ya safari za taasisi hiyo hiyo, napendekeza zihamishwe na kulipwa sasa, milioni 212 ziingie kwenye mgao wa robo ijayo. Akaandika "Nakubali", akaweka tarehe. Hakunisifu. Wiki iliyofuata madokezo magumu yakaanza kupitia mezani kwangu.

Hivyo ndivyo watu wanavyojulikana Hazina. Jina lako linakuwa la kwanza kutajwa mtu akisema "hili nani ataliangalia?" Na ndiyo sababu swali la kujuana siwezi kukujibu kwa ndiyo au hapana. Kuna ngazi mbili. Ya kwanza iko kwenye muundo wa utumishi: daraja la II, la I, Mwandamizi, Mkuu. Hiyo unaipanda kwa miaka, tathmini ya utendaji na ikama, yaani idadi ya nafasi zilizopo, na mtu asiyekupenda anaweza kukuchelewesha lakini hawezi kuiondoa. Ya pili ni ya uteuzi. Kamishna, Naibu Katibu Mkuu, Katibu Mkuu, hao wanatoka kwenye mkeka, ile orodha ya uteuzi wa Rais. Mkeka unapotoka usiku, hakuna aliyekufanyia usaili. Mtu aliulizwa mahali fulani, "nani anaweza?" akataja jina. Ndiyo, huko ni kujuana. Ila kuna kujulikana kwa sababu mjomba wako yuko mahali, na kuna kujulikana kwa sababu dokezo lako halirudi. Nimewaona wa aina zote mbili. Wa kwanza hupanda haraka, na siku uteuzi ukitenguliwa hana jalada hata moja la kumtetea.

Mifano ya watu walioanzia chini ipo. Cleopa Msuya, aliyefariki Mei 2025, hakuanzia kwenye fedha kabisa. Alitoka Makerere akawa afisa maendeleo ya jamii, kazi ya vijijini, miaka kabla ya uhuru. Baadaye akawa Katibu Mkuu wa wizara kadhaa, Hazina ikiwemo, kisha Waziri wa Fedha mwaka 1972, na Waziri Mkuu mara mbili. Emmanuel Tutuba alikuwa Katibu Tawala wa Mkoa wa Mwanza, huko huko kwenu, kabla ya kuwa Katibu Mkuu Hazina mwaka 2021 na Gavana Januari 2023. Kiti alichokiacha Hazina akakalia Dkt. Natu Mwamba, ambaye aliwahi kuwa Naibu Gavana. Unaona jinsi barabara ya Hazina na ya Benki Kuu zinavyokutana.

Ya Ugavana lakini haina njia moja. Profesa Benno Ndulu alitokea chuo kikuu na Benki ya Dunia. Profesa Florens Luoga ni mwanasheria. Wa kwanza kabisa, Edwin Mtei, alikuwa mtumishi wa Hazina aliyeambiwa aanzishe benki ambayo haikuwepo. Noti zilizokuwa mifukoni mwa watu zilikuwa za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyohudumia Kenya na Uganda pia. Benki Kuu ikafunguliwa Juni 1966, na kabla haijatimiza mwaka likaja Azimio la Arusha, na siku moja baada ya kutangazwa mabenki yote ya biashara yakataifishwa. Hebu fikiri una benki kuu yenye miezi minane na unaamka asubuhi kuna mapinduzi ya namna hiyo kwenye sekta unayoisimamia.

Mtei nakaa naye kidogo, kwa sababu maisha yake yanajibu swali ambalo hukuliuliza: inakuwaje ukishauri na mkubwa akakataa? Mwaka 1977 aliteuliwa Waziri wa Fedha, akitokea Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyovunjika mwaka huo huo, ambako alikuwa Katibu Mkuu. Miaka miwili baadaye nchi imetoka vitani na Idi Amin, mafuta yamepanda bei, fedha za kigeni hakuna. Mazungumzo na Shirika la Fedha la Kimataifa yakafika kwenye sharti la kushusha thamani ya shilingi. Mtei aliona hakuna njia nyingine. Mwalimu Nyerere akakataa katakata. Mtei akajiuzulu mwishoni mwa 1979. Miaka michache baadaye akawa mkurugenzi mtendaji ndani ya shirika lile lile, na mwaka 1992 akaasisi chama cha upinzani. Na mwaka 1986, chini ya Rais Mwinyi, na Msuya huyu huyu akiwa Waziri wa Fedha, makubaliano na shirika yakafikiwa na shilingi ikashushwa, kutoka kama 17 kwa dola hadi 40.

Mimi naona Mtei alikuwa sahihi kwenye hesabu. Naona pia Mwalimu alikuwa na haki ya kukataa, kwa sababu yeye ndiye aliyechaguliwa na wananchi. Vitu hivyo viwili vinaweza kuwa kweli kwa pamoja, na mtumishi wa fedha asiyeweza kuvibeba vyote atapata shida. Unashauri kwa maandishi. Ukikataliwa, unatekeleza, ama unaondoka. Cha kukaa kitini huku unahujumu uamuzi kimya kimya hakimo kwenye orodha.

Na usidhani saini ni heshima tupu. Mwaka 2008 Gray Mgonja, aliyekuwa Katibu Mkuu Hazina, alifikishwa mahakamani pamoja na waliokuwa mawaziri, Basil Mramba na Daniel Yona, kwa suala la mkataba wa kampuni ya ukaguzi wa dhahabu na misamaha ya kodi. Mwaka 2015 Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani mawaziri, yeye ikamwachia huru. Hesabu mwenyewe miaka aliyokwenda na kurudi pale. Ukiwa na cheo hicho, karatasi unayoisaini Jumanne saa kumi na moja jioni, umechoka, dereva anasubiri, inaweza kusomwa kwa sauti mbele ya hakimu ukiwa umeshastaafu. Ndiyo maana wazee wa Hazina ni wagumu kusaini. Watu wanasema ni urasimu. Sehemu ni urasimu kweli. Sehemu ni kumbukumbu.

Kuhusu Dodoma: usiikimbilie. Nimewaona vijana waliohamia wizarani wakiwa na miaka miwili halmashauri, wakawekwa kwenye kona ya jengo zuri wakijumlisha majedwali ya wenzao. Hawajui kwa nini fedha iliyofika tarehe 27 Juni ni mzigo na si msaada. Wewe unajua, au utajua: mkandarasi yuko nusu ya kazi, hati ya kazi haijakamilika, mwaka unafungwa tarehe 30, mhasibu analala ofisini, na kila mtu anatafuta namna ya kulipa kabla ya saa sita usiku. Malipo ya usiku huo ndiyo yanayozaa hoja za ukaguzi za mwaka unaofuata. Mtu aliyewahi kukaa mbele ya LAAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa, akajibu hoja kama hiyo, akiulizwa na mbunge aliyeisoma kuliko yeye, akija kuwa Hazina atapanga mgao wake wa Mei kwa akili nyingine.

Kaa hapo miaka mitatu au minne zaidi. Pitia PlanRep, mfumo wa mipango na bajeti, mwenyewe, usimwachie kijana wa TEHAMA. Omba kukaimu hata kama hakuna posho. Soma Sheria ya Bajeti, Sura 439, na Sheria ya Fedha za Umma, Sura 348. Si ndefu, na utashangaa ni wangapi wanaozitaja bila kuzifungua. Kisha tafuta shahada ya pili, halafu ndiyo uombe uhamisho, ukiwa na kitu cha kuhamisha.

Siku ukifika huko, utaanzia kwenye vile viti vya wataalamu bungeni, mwezi Juni. Hilo nalo ulijue. Waziri anahitimisha hoja jioni, wabunge hamsini wamechangia, mmoja anatishia kushika shilingi ya mshahara wa Waziri hadi aelezwe barabara ya jimbo lake imekwenda wapi. Wewe umekaa nyuma, una dakika nne. Jibu lazima litoshe kwenye kikaratasi, liwe na namba moja iliyo sahihi, na lisomeke na mtu aliyesimama mbele ya kamera. Ukikosea, aliyekosea mbele ya nchi ni Waziri. Mwenyewe niliwahi kuandika bilioni badala ya milioni, nikakimbia kwenye ngazi kumuwahi mhudumu aliyekuwa amebeba kile kikaratasi. Nilimuwahi. Magoti bado yanakumbuka.

Kwa hiyo wiki hii fanya hivi. Omba jalada la hoja za ukaguzi za halmashauri yako. Chagua hoja iliyokaa miaka mingi kuliko zote bila kufungwa, ile ambayo kila mkurugenzi mpya anairithi. Itafute kwenye ankara, kwenye stoo, kwa mtu aliyestaafu ikibidi. Andika dokezo la ukurasa mmoja kwa Mkurugenzi, kupitia kwa mkuu wako wa idara, ukisema imetokana na nini, ni shilingi ngapi, na nini kifanyike. Likirudi na "Kwa hiyo?" pembeni, andika tena. Halafu uniandikie uniambie ni la ngapi lililopita.